Barua Mbili, Jumamosi Moja

Kila asubuhi saa mbili kasorobo, isipokuwa Jumapili, Mbodze Chirau huvuta waya wa umeme kutoka dirisha la Bi Mwanatumu, huuchomeka kwenye printa, hufuta vumbi juu ya baraza ya mawe, na mtaa wa Mkanyageni unakuwa umepata ofisi yake. Hakuna kibao. Mji wa Kale una masharti yake kuhusu vibao, na kila mwenye shida ya barua anajua pa kugeukia.

Mbodze ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Kaloleni, akaja kisiwani kusomea uhazili, na kwa miaka kumi na miwili sasa amekuwa mpiga chapa wa mtaa. Mashine ya chuma aliyoanzia nayo hukaa chini ya meza, kwa ajili ya wazee wachache wanaoamini kwamba barua isiyogongwa haina uzito. Kazi nyingine zote hufanywa kwa kompyuta ndogo. Watu humjia na nusu ya shida na nusu ya maneno: mjane anayefuatilia hati ya nyumba, mpakuzi anayeomba kazi ya kudumu bandarini, mwongoza watalii wa Ngome ya Yesu ambaye kibali chake kimetoka na jina la babake. Mbodze huuliza maswali matatu au manne. Swali la kwanza huwa ni lile lile: nani ataisoma? Msomaji akiwa mzee, kichwa cha barua huanza na MINTARAFU. Akiwa afisa wa rika la chini, KUH inatosha. Kwa maelezo yake, mzee akiiona MINTARAFU hujiweka sawa kitini kabla ya kuendelea.

Mwanamke anayeshinda barazani, uso kuelekea njiani, ni jambo la nadra katika mitaa hii. Baraza nyingi ni za wanaume, na kila moja ina watu wake, saa zake na siasa zake. Mwanamke hupita, huamkiwa, na safari yake hujadiliwa akishapinda kona. Mbodze anakaa kwa sababu mwenye nyumba, Bi Mwanatumu, alisema akae, na hajapatikana bado mtu wa kumpinga Bi Mwanatumu. Kodi yake ni kumsomea barua. Bi Mwanatumu, mwenye miaka sitini na minane, husoma Kurani na barua za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hizi nyingine humwachia Mbodze.

Kulikuwa na upande mmoja wa maisha yake ambao Mbodze hakuwa ameuleta barazani. Anaishi Tudor na Beryl, karani wa shehena bandarini, na wamekuwa pamoja kwa miaka saba. Majirani wa ghorofa yao huwaita wale kina dada, na wao hawajamsahihisha mtu. Tena Mbodze ni katibu wa Tulivu, kikundi cha wapenzi wa jinsia moja na cha watu ambao jinsia waliyoandikiwa kwenye cheti cha kuzaliwa haiwakai. Wanachama ni ishirini na watatu. Miongoni mwao kuna wauguzi wawili, mpishi wa hoteli, muuza viazi wa Marikiti, na dereva wa tuktuk aitwaye Sammy Fondo, ambaye ndiye mwenyekiti.

Anayetazamia harakati za Tulivu ziwe na bendera atavunjika moyo. Ni watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakizungumza kliniki ipi inatoa dawa bila matusi, polisi akikukamata useme nini na unyamaze wapi, nani amefukuzwa nyumba na anahitaji godoro. Shida yao kubwa ilikuwa mahali pa kuviweka hivyo viti. Katika miaka mitano walikuwa wamehama vyumba sita. Mwaka 2023, mahakama ya juu ilipoamua kwamba watu kama wao wana haki ya kusajili shirika, walishangilia kwa siku chache. Kisha yakaja mahubiri na maandamano ya kupinga, na wenye vyumba wakaanza kuuliza maswali ambayo hawakuwa wakiuliza.

Chumba cha sita kilikuwa ghorofani, nyuma ya duka la vitambaa. Walikiingia wawili wawili, wakipishana kwa dakika tano. Sammy aliwateremsha kwenye kona tofauti: wengine karibu na Ngome ya Yesu, wachanganyike na watalii, wengine Marikiti, wapitie sokoni na kutokea wamebeba mifuko kama watu waliotoka kununua mboga. Kwa mpango huo kila mkutano ulichelewa saa nzima, na kila mwanachama alirudi kwake na karoti asizozihitaji. Mwezi wa tisa mwaka jana mwenye duka aliwapa hadi mwisho wa mwezi watoke. Alisema kwa upole kwamba hana ugomvi nao, ila wateja wameanza kumuuliza ni kina nani wanaopanda ngazi zake.

Ukumbi uliobaki ni mmoja. Uko hatua chache kutoka Marikiti, una uwanja wa nyuma wenye meko, na unamilikiwa na wadhamini binafsi ambao hukutana mara mbili kwa mwaka. Kati ya mkutano mmoja na mwingine, wadhamini wote ni Mzee Nicodemus. Nicodemus ni mtu wa Makueni, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye reli. Alipostaafu alihamishia ukumbini saa yake, muhuri wake na imani yake katika kanuni zilizoandikwa. Juma zima lilikuwa limeshikwa na madarasa ya ushonaji, kwaya mbili na mikutano ya wenye mikokoteni. Iliyobaki wazi ni Jumamosi alasiri.

Mbodze alimwandikia. Kikundi cha Tulivu, ilisema barua, kinaomba kutumia ukumbi kila Jumamosi alasiri kwa mazungumzo ya afya na sheria. Kila neno lilikuwa la kweli. Sentensi hiyo ilimchukua siku mbili, na alijivunia.

Juma lilelile, Bi Mwanatumu alitoka nje hadi barazani na ombi lake. Kikundi chake, Mashoga wa Mkanyageni, kilikuwa kimekosa pa kukutania tangu mwanawe alipojenga vyumba juu ya uwanja wa ndani. Kikundi hicho kilianza mwaka wa mvua za El Niño, maji yalipoingia nyumbani kwa Bi Mwanatumu na marafiki zake wakaja na ndoo. Ndoo zilipokwisha kazi, urafiki ukabaki. Leo ni wanawake ishirini na wanane, wanapika katika arusi, wanazika, wanauguza, na wanajua habari za mtu kabla hajazijua mwenyewe. Walitaka ukumbi wenye meko. Siku yao ilikuwa Jumamosi alasiri.

Mbodze alimwambia kwamba wapo wengine walioomba siku hiyo hiyo. Hakusema ni kina nani. Bi Mwanatumu alijibu kwamba waombe, kila mtu ana mdomo wake. Basi Mbodze akaiandika barua ya pili kwa uangalifu uleule wa ya kwanza, na kwa vile msomaji alikuwa mzee, akaipa kichwa cha heshima, kwa herufi kubwa na mstari chini: MINTARAFU, OMBI LA MASHOGA WA MKANYAGENI KUTUMIA UKUMBI.

Hilo ndilo kosa lake, na halikuwa la chapa. Kwa mwanamke wa Mvita, shoga ni mwenzake: wa kusukana naye nywele, wa kumwachia mtoto, wa kumwambia asiloweza kumwambia dadake. Ile maana nyingine, ya kumtukania mwanamume, inajulikana mtaani vizuri sana, lakini hakuna anayezichanganya, kama vile hakuna anayechanganya mbuzi wa kukunia nazi na mbuzi wa kuchinja. Mbodze, ambaye maana zote mbili zilimhusu, aliliandika neno kwa sikio la Bi Mwanatumu. Swali lake la kwanza alilijibu nusu: alikumbuka umri wa msomaji, akasahau atokako. Msomaji alikuwa amejifunzia Kiswahili chake Makueni na ndani ya mabehewa ya reli, na huko neno hilo lina maana moja tu.

Majibu yaliletwa na Nicodemus mwenyewe, Jumanne, kwa miguu. Barua zote mbili zilikuwa na anwani ya Mbodze, kwa hiyo bahasha zote mbili za kaki zilitua mezani kwake. Barazani wakati huo walikuwapo wanawake saba wakichagua mchele. Nicodemus hakuwatazama. Alisema ni majibu, akagusa kofia, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyesikia honi ya treni.

"Soma, mwanangu," Bi Mwanatumu alisema.

Mbodze alifungua bahasha ya juu na kuanza kusoma kabla macho yake hayajamtangulia, kosa ambalo mtu wa kazi yake hafanyi mara mbili. Ukumbi huu, ilisema barua, ni wa watu wenye heshima zao. Hauwezi kutumiwa na mashoga, si sasa wala baadaye. Nawasihi mbadilike.

Mikono ilisimama juu ya sinia za mchele.

"Tubadilike tuwe nani?" Bi Mwanatumu aliuliza.

Alikuwa akiuliza kweli. Aliyemjibu alikuwa mdogo wao, Mishi, ambaye alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kumtikisika. Alimnong'oneza wa kando yake, naye akamnong'oneza wa pili, na maana ikazunguka baraza hadi mchele wa watu wawili ukamwagika. Mmoja alisema mumewe akisikia atadai talaka. Mwingine akasema mumewe akisikia atafurahi kupata pa kupumzika. Bi Mwanatumu peke yake hakucheka. Alikuwa mwanamke mwenye wajukuu kumi na wanne, na mtu aliyevaa kofia alikuwa amemwandikia abadilike.

Katika kelele hizo Mbodze aliiteremsha bahasha ya pili mkobani. Aliifungua akiwa peke yake. Tulivu walikuwa wamepewa Jumamosi, kuanzia juma la pili la Oktoba. Nicodemus alikuwa ameongeza sentensi yake mwenyewe: kikundi cha aina yenu ndicho kinachohitajika katika jamii ya leo.

Sammy alipoelezwa alicheka hadi akalazimika kuegesha tuktuk. Alipomaliza alikuwa na maoni. Miaka yote, alisema, neno hilo linatupiga sisi, mashuleni, njiani, makazini. "Leo mara moja limekosea njia, limempiga mwingine, na wala hakuumia. Wacha lipite, dada." Wanachama wengine walipata habari ya ukumbi tu, bila ya bahasha ya kwanza, na wakaanza kuulizana kama kuna feni. Beryl alisikiliza yote mawili, akauliza swali moja: je, Jumatano asubuhi Mbodze ataweza kuingiza mkono kwenye dirisha lile na kuvuta waya kama kawaida?

Aliuvuta. Lakini anakumbuka kwamba siku hiyo aliuvuta taratibu.

Alhamisi, Bi Mwanatumu aliamua kwenda kwa Nicodemus. Alikwenda na wenzake saba, na Mbodze, kwa kuwa barua ilikuwa ya mkono wake. Wapagazi wa Marikiti waliona mabuibui manane yakija kwa safu moja na wakasogeza mikokoteni bila kuambiwa. Nicodemus aliwakaribisha. Maamkizi yalichukua muda, afya za nyumba zote zilipitiwa, kisha Bi Mwanatumu akaomba aelezwe lile neno kwao bara lina maana gani.

Nicodemus alisema mama anajua mwenyewe. Bi Mwanatumu alisema hajui, na kwamba amekuja kwa miguu ili ajulishwe. Nicodemus alitazama dari, akatazama saa, mwishowe akamtazama Mbodze, na Mbodze akazieleza maana zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya karani. Alipofika kwenye ile ya mwenzake wa kusukana naye nywele, Nicodemus aliomba aruhusiwe kuketi. Alikuwa tayari ameketi.

Aliomba radhi vizuri, kwa kusimama na kuvua kofia. Ingeishia hapo, lakini Bi Mwanatumu hakuja kwa ajili ya radhi pekee. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, zilikuwapo kanuni za ukumbi.

"Ulitukataa kwa kipengele gani?" aliuliza. "Nisomee."

Nicodemus alizisogelea kanuni kwa uhakika wa mtu anayejua zilipo. Alipitisha kidole. Pombe, kamari, wanyama, kampeni za uchaguzi, kelele wakati wa sala, viatu juu ya mkeka. Vipengele vilikuwa kumi na vinne, na kidole kilifika chini, kikarudi juu, kikashuka tena. Katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kumteremsha abiria bila ya kumwonyesha kanuni. Masikio yake, wanasema waliokuwapo, yalibadilika rangi.

Alisema angewapa Jumamosi papo hapo, ila imekwisha kutolewa kwa kikundi kingine, watu wa afya na sheria, na hawezi kuirudisha pasipo ridhaa yao. Bi Mwanatumu aliona hilo ni jepesi. Waonyeshwe walipo hao Tulivu, wakazungumze nao kiutu uzima. Nicodemus alifungua faili, akavaa miwani, na kusoma jina la katibu: Mbodze Chirau, Mkanyageni.

Vichwa vinane viligeuka.

Mbodze alisema ndiyo, ni yeye. Bi Mwanatumu, ambaye haongei mambo ya nyumbani mbele ya watu, aliaga na kutoka.

Walirudi kwa njia ya uchochoroni. Wale saba walitangulia kwa hatua chache, karibu vya kutosha kusikia. Bi Mwanatumu aliuliza hicho ni kikundi cha nini hata kikafichwa barazani kwake. Mbodze alikuwa na jibu tayari, ile sentensi ya siku mbili, ya afya na sheria, na ilikuwa ya kweli kama ilivyokuwa. Chumba cha sita kilikuwa kimebakiza siku kumi na mbili. Kwa upande mwingine kulikuwa na baraza, waya, na mtaa ambao ndio uliokuwa ukimlisha.

"Bi," alisema, "wale aliodhani ni nyinyi, ndio sisi."

Nyuma yao tuktuk ilipiga honi ikitaka kupita. Hakuna aliyesogea. Wale saba walikuwa wamekoma kutembea, na Mishi, kwa mara ya kwanza juma hilo, hakuwa na cha kuchekea.

"Kumbe hini barua ni yako," Bi Mwanatumu alisema. "Ukanisomea barua yako, ukaniambia ni yangu."

Akatangulia peke yake.

Ijumaa dirisha lilikuwa limefungwa. Mbodze alisimama mbele yake, akafikiri jambo moja: hakuna aliyemwambia aondoke. Alifuta baraza, akaketi, akaitoa mashine ya chuma chini ya meza. Wateja wa kwanza walikuwa wawili, na barua ya mmoja wao, malalamiko dhidi ya bomba la jirani, ilikuwa na kurasa tatu. Mkanyageni ni njia nyembamba yenye kuta ndefu, na mashine ile ikigonga hapo husikika mpaka msikiti wa pili. Iligonga tangu saa mbili. Saa tano kasoro dirisha lilifunguliwa kwa kishindo.

"Mashine hiyo yanipasua kichwa," Bi Mwanatumu alisema. "Chukua waya."

Baadaye alishuka akaketi barazani, jambo ambalo huwa halifanyi kabla ya sala ya Ijumaa. Aliyoyasema hayakuwa ya kumbembeleza mtu. Dini yake anaijua, alisema, na Mbodze anaijua pia, kwa hiyo asitarajie kubarikiwa. Asichoweza kukimeza ni kitu kingine. Miaka kumi na miwili yeye hutoa karatasi zake, za ugonjwa, za mirathi, za wanawe, humpa mtu mmoja amsomee, na huyo mtu mmoja amesoma huku amefumba nusu. Barazani kwake barua husomwa nzima. Mbodze alisema amekosa, na kwamba aliogopa. Bi Mwanatumu alikubali kwamba kuogopa kuna maana yake. Kisha akauliza alasiri ina saa ngapi.

Wakagawana hapo hapo. Mashoga wa Mkanyageni saa nane hadi saa kumi, Tulivu saa kumi hadi saa kumi na mbili. Mbodze aliuliza, na wenzako watasemaje?

"Wale ni mashoga zangu. Nitawasema mwenyewe."

Aliwasema. Watatu walijitoa, na hawajarudi. Waliobaki ishirini na watano walikuwa na maswali mengi, mengine hayachapishiki, na wakaja kumuuliza Mbodze mmoja mmoja wakijifanya wana barua za kuandikwa.

Tulivu nao walibishana, na kwa ukali zaidi. Nicodemus alitaka barua moja ya vikundi viwili. Suala lilikuwa iseme nini. Wengi walitaka ile sentensi ya zamani ibaki, afya na sheria, basi. Mbodze alisema jambo likijulikana na wanawake wanane siku ya Alhamisi, Jumapili linajulikana Likoni, na ni afadhali Nicodemus alipate kwa maandishi kuliko kwa muuza ndizi. Tena amechoka, alisema, kuandika kweli iliyochujwa. Walipiga kura kwa kuinua mikono. Kumi na watatu walikubali, kumi walikataa, na wawili kati ya hao kumi wakaacha kuja.

Barua iliyotoka ilikuwa na MINTARAFU yake. Ilieleza kwamba Mashoga wa Mkanyageni ni kikundi cha wanawake marafiki, na kwamba jina lao halitabadilishwa. Ilieleza kwamba Tulivu ni kikundi cha wapenzi wa jinsia moja na wenzao, wanaokutana kujifunza afya na sheria. Ilimalizia kwa kusema kwamba vikundi vyote viwili vimesoma kanuni za ukumbi na haviendi kinyume na kipengele chochote kati ya kumi na vinne. Bi Mwanatumu alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, Sammy kwa za Kirumi.

Nicodemus aliisoma mara mbili. Alimtazama Sammy, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Alimtazama Bi Mwanatumu, aliyekuwa akitazama fremu ukutani. Nicodemus naye alienda kwenye fremu, akapitisha kidole tena hadi chini, akarudi, akafungua kibweta cha muhuri.

"Sikusema nimekubali," alisema. "Nimesema sina kipengele."

Akagonga.

Aliahidi kuifikisha barua kwa wadhamini, na aliifikisha, Desemba, bila kuitetea wala kuipinga. Wadhamini walitumia mkutano wote kuzungumzia paa linalovuja. Barua imo katika faili, na faili imo kabatini.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ya kwanza, Oktoba, Tulivu walifika wote kwa mlango mmoja, kwa wakati mmoja, na hakuna aliyebeba karoti. Wapagazi wa Marikiti waliwatazama. Mmoja alitoa neno, Sammy akamrudishia jingine, la mikokoteni, na wenzake wakamcheka yule wa kwanza. Ndani, hata hivyo, palikuwa hapajawa wazi. Mashoga wa Mkanyageni walikuwa na arusi ya watu mia tatu kesho yake, vitunguu vilikuwa nusu gunia, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuinuka. Tulivu walisimama ukutani, wakapisha, wakatabasamu, wakajifuta machozi ya vitunguu, kama watu waliozoea kukopeshwa nafasi. Walianza saa kumi na dakika arobaini.

Jumatatu, Mbodze aliketi mahali pake na kuandika barua rasmi ya malalamiko. Katika vyumba vyote sita Tulivu hawakuwahi kulalamikia kitu, si paa, si choo, si mlango usiofungwa. Mtu anayeweza kutolewa wakati wowote hanung'uniki. Barua ilieleza kwamba dakika arobaini za muda uliotengewa Kikundi cha Tulivu zilitumiwa na kikundi kingine bila ya idhini. Nakala moja ilikwenda ukumbini. Nyingine Mbodze aliinuka, akatembea hatua tatu, akampelekea Bi Mwanatumu, na kwa kuwa ndio kazi yake, akamsomea. Aliisoma nzima.

Bi Mwanatumu alisema ni utovu wa adabu kumshitaki mtu mzima kwa ajili ya vitunguu. Alitaka kujua pia kwa nini yeye hakupewa MINTARAFU.

Jibu la Nicodemus lilikuja Jumatano, na alilileta mwenyewe, safari hii bila haraka. Alikuwa amepata kipengele. Kwa mujibu wa cha tisa, kikundi kitakachopitisha muda wake kitafagia ukumbi kwa niaba ya kikundi kinachofuata, juma linalofuata, wenyewe wakiwapo. Aliomba asomewe kwa sauti, asikie kama kimeeleweka.

Jumamosi ya pili, saa kumi kamili, viti ishirini na kimoja vilikuwa vimepangwa na watu wamekaa. Mishi na wenzake walikuwa tayari kushika fagio, lakini Bi Mwanatumu aliwakataza, deni ni la mkubwa. Alikunja buibui hadi kiunoni, akaanzia mlangoni. Alifagia kama anavyofanya kila kitu, bila ya kuruka mahali, huku akilalamika kwamba watu wa afya wana miguu mirefu kupita kiasi. Alipofika safu ya mbele alisimama mbele ya Sammy, aliyekuwa akisoma ajenda na hana hakika kama mwenyekiti anapaswa kusimama, kushukuru, au kuendelea.

"Inua miguu," Bi Mwanatumu alimwambia.

Sammy akainua.